Brashi Kumi Kwa Kabati, Brashi Moja Kwa Shingo Arobaini

Wasee wa Kisumu, leo tunaongea kuhusu brashi za kunyolea. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, ati huyu amekosa kontenti. Cheka umalize, halafu usome mpaka chini, kwa sababu hii stori iko kwa shingo yako wewe mwenyewe.

Kuna fasheni imeingia pole pole. Msee anaota ndevu tatu, anaingia mtandaoni, anapata video za wazungu wakipiga povu kwa bakuli, mwanga mzuri, sauti laini, hakuna haraka. Anaagiza brashi. Mwezi unaofuata anaagiza nyingine. Akifika ya nne hanyoi nazo tena, anazipiga picha. Anazipanga kwa mstari, mpini mweusi, mpini wa rangi ya asali, mpini unaofanana na mfupa, na anaandika chini yake "mkusanyiko wangu". Watu wanapiga makofi kwa komenti.

Halafu Jumamosi huyo huyo anaenda Kondele kunyolewa. Anakaa kwa kiti, anafungwa kitambaa, na kazi ikiisha anafagiwa shingo na masikio kwa brashi ambayo imefagia kila shingo iliyokaa hapo tangu duka lifunguliwe. Hasemi kitu. Anatuma pesa kwa simu, anajiangalia kwa kioo mara ya mwisho, anaenda zake.

Msimamo wangu ndio huu: mkusanyiko wa brashi wenye maana hapa kwetu hauanzii kwa kabati yako, unaanzia kwa kinyozi. Kama uko na brashi kumi nyumbani na hujawahi kubeba hata moja mpaka kwa kile kiti, hizo kumi ni mapambo ya nyumba. Usituambie unajali mambo ya kunyoa.

Kwanza tutofautishe, ndio tusichanganyikiwe. Kuna brashi ya povu: fupi, nene, ya kulowesha, kuzungusha kwa sabuni na kupaka kidevuni. Hiyo ndiyo inakusanywa. Kuna brashi ya kufagia: laini, pana, mara nyingi imejaa poda, ya kutoa vinywele shingoni. Hiyo ndiyo inakugusa kila wiki mbili, kwa sababu wengi wetu tunapigwa mashine tu, na povu hutoka kwa wale wanaotaka kidevu kipitishwe wembe. Moja ina jina kubwa na picha nzuri. Nyingine haina jina, imening'inia kwa msumari. Lakini zote ni kitu kimoja: nywele nyingi zilizofungwa pamoja kwa mpini. Na katikati ya nywele nyingi zilizofungwa pamoja, vitu hujificha.

Vitu gani? Sitaki kuwatisha na uongo. Hakuna mtu anapata ukimwi kwa kufagiwa shingo na brashi. Lakini mapunye, hayo mnayaita mashilingi, yanasafiri kwa mashine, vitana na brashi bila shida yoyote. Ni kuvu. Kuvu huacha mbegu ndogo ndogo kwa nywele na magamba ya ngozi, na mbegu hizo zinaweza kukaa miezi bila kufa. Wewe umeenda nyumbani, zenyewe zimebaki kwa brashi zikingoja mteja anayefuata. Na wanaoshikwa zaidi na mapunye ya kichwa ni watoto.

Sasa fikiria wiki ya kufungua shule. Nenda Nyalenda, nenda Manyatta, nenda Obunga, chungulia kinyozi yoyote siku ya mwisho ya likizo. Watoto wamepangwa kwa benchi kama mandazi, kila mzazi anataka kichwa kiwe kimeisha kabla ya giza. Mashine inapita, brashi inafagia, mwingine anakaa. Mtoto wa kwanza akiwa na kidoa kimoja cha mviringo nyuma ya sikio, hesabu mwenyewe ni watoto wangapi wamefagiwa na brashi hiyo hiyo kufika jioni. Wiki chache baadaye mwalimu anaona kichwa kina mabaka, mtoto anatengwa na wenzake, mama anatafuta pesa ya dawa. Na mapunye ya kichwa hayaishi kwa kupaka marashi peke yake, mara nyingi lazima dawa ya kumeza, tena kwa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo bei ya brashi moja.

Najua mnataka kusema: lakini kinyozi wangu ni msafi, anapiga mashine spiriti mbele yangu, mpaka anaiwasha unaona mwali wa buluu. Ni kweli, na nawapa heshima yao. Wembe pia unafunguliwa kutoka kwa karatasi yake ukiona kwa macho. Hiyo vita tulishinda. Lakini tuulize tulishinda aje.

Tulishinda kwa sababu ya msiba. Kwa Wajaluo kuna liedo, ule unyoaji wa nywele baada ya mazishi. Zamani wembe mmoja ungeweza kupita vichwa vya boma nzima na hakuna mtu angeona ubaya, maana ni familia. Ukimwi ulipoingia Nyanza na kuzika watu tuliowajua kwa majina, watu walifundishwa redioni, kanisani, kliniki: kila kichwa na wembe wake. Mila haikufa. Kilichobadilika ni chombo. Kizazi cha wazazi wetu kilikuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya wazee na kusema tutanyoa, ila kila mtu na wembe wake. Sisi tuna simu, tuna bando, tuna sauti, na tunashindwa kumwambia msee wa rika letu "buda, hiyo brashi umeiosha lini?"

Na spiriti kwa mashine haisaidii kama brashi haijaguswa. Mashine ni chuma, unaimwagia, inakauka. Brashi inapigwa poda juu ya poda ya jana. Poda inafunika uchafu na inanukia vizuri, kwa hivyo pua yako inakudanganya.

Msifikiri hii ya brashi kubeba ugonjwa nimeitunga nikitafuta wafuasi. Rudini nyuma mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari walitakiwa kunyoa ndevu ndio barakoa za gesi zikae sawa usoni. Brashi zilihitajika kwa wingi. Nywele nzuri zikawa ngumu kupatikana, na brashi za bei ya chini zikatengenezwa kwa nywele za farasi kutoka Asia, zikapakwa rangi zifanane na zile za bei ghali. Nywele zingine zilikuwa na kimeta. Ndiyo, kimeta kile kile kinachoua ng'ombe. Msee ananyoa, anajikata kidogo, kidonda kinaingiwa. Kati ya mwaka 1915 na 1924, Uingereza na Marekani, waliopata kimeta kwa njia hiyo walipita 200, askari na raia. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Sisemi brashi uliyoagiza juzi ina kimeta. Siku hizi nywele husafishwa kabla ya kufungwa. Ninachosema ni kwamba wale askari walinunua sura. Walionyeshwa brashi inayofanana na ya bei ghali na hawakuuliza nywele zimetoka wapi wala zimesafishwa aje. Miaka 100 imepita na maswali yetu bado ni ya sura: mpini ni wa rangi gani, knoti ni milimita ngapi, jina gani limeandikwa chini.

Na hapo ndipo nakuja kwenu, wakusanyaji. Sikieni, sina shida na kitu kizuri. Kampuni ya Kent ya Uingereza ilianza mwaka 1777. Plisson ya Ufaransa ni ya 1808. Watu wamefanya hii kazi miaka mingi na mikono yao inajua. Lakini tuongee kuhusu ile brashi ambayo wote mnaiota, ya nywele za baja. Baja ni mnyama wa Ulaya na Asia, wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Huko Uingereza kwenyewe analindwa, kuna sheria ya mwaka 1992 inayokataza kumuua au kumtesa. Kwa hivyo nywele za brashi ya "Kiingereza" hazitoki kwa baja wa Uingereza, nyingi zinatoka Uchina. Mwaka 2018 shirika la PETA lilitoa uchunguzi kuhusu jinsi wanyama hao wanavyofungiwa kwa vibanda na kuuawa huko. Kuna makampuni yaliyoacha kuuza baja baada ya hapo. Yaani kwao mnyama asiguswe, wa mbali achinjwe, halafu wewe wa Milimani unalipa usafiri mpaka hapa ndio ujisikie mtu wa daraja la juu.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Hapa ni kando ya ziwa, omera. Joto lipo, unyevu upo. Brashi ya nywele za mnyama inashika maji sana, hiyo ndiyo sifa yake, na ukiifungia kwa kabati la kioo kabla haijakauka kabisa inaota ukungu. Ikikauka vizuri na kukaa miezi bila kutumiwa, wadudu wanaokula manyoya na sufu nao wanaikaribisha. Brashi imetengenezwa itumike, ioshwe, ikamuliwe, itundikwe mahali pana hewa. Mkusanyiko wa kabati unaua brashi pole pole huku ukiusifu.

Na kuna jambo lingine ambalo kinyozi yeyote angekuambia ukimuuliza: nywele za mnyama huwezi kuzitia Jik. Jik inakula nywele, ni kama kuloweka kichwa chako. Brashi ya nailoni inavumilia sabuni, inavumilia maji ya moto kiasi, inavumilia dawa, na inakauka haraka. Kwa hivyo ile brashi mnayoidharau, ya plastiki, ya kuuzwa kwa meza Kibuye, ndiyo inafaa zaidi kwa kazi ya kugusa watu wengi. Ile ya kupigiwa picha haiwezi hiyo kazi.

Sasa nijibu watetezi, maana nawajua.

Wa kwanza atasema: pesa ni zangu. Ni zako kabisa. Lakini na mimi macho ni yangu na hesabu najua. Tuseme brashi moja ya kuagiza inakukuta 4,000. Kumi ni 40,000. Tuseme brashi ya kufagia ya nailoni ni 200. Tano kwa kinyozi mmoja ni 1,000. Mkusanyiko wako ungebadilisha vinyozi 40. Sikuambii uuze. Nakuambia ukiwa na 40,000 za brashi, usije kuniambia kinyozi wako "ameshindwa" kununua ya 200.

Wa pili atasema: hiyo ni kazi ya kinyozi na ya watu wa afya wa kaunti, si yangu. Nusu ukweli. Afisa wa afya akija, anakuja siku moja, anaangalia anachoonyeshwa, anaenda. Wewe uko hapo kila wiki mbili. Na huyo kinyozi ni nani? Ni kijana kama sisi, analipa kodi ya duka, stima ikipotea anakaa tu, mteja akipunguza shilingi 20 anakubali kwa sababu jirani anakubali. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumuuliza kuhusu brashi, kwa hivyo brashi haimo kwa hesabu yake. Siku wateja kumi watauliza, itaingia. Biashara ndogo hufuata mdomo wa mteja kuliko karatasi ya ukutani.

Wa tatu ndiye namheshimu zaidi. Atasema: brashi na povu zimenisaidia ngozi, kabla ya hapo kidevu changu kilikuwa vipele tupu. Huyu hasemi uongo. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini sana zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, hapo ndipo vipele vinatoka. Wembe wenye makali matatu manne unavuta unywele juu kabla ya kuukata, ukiachia unazama chini ya ngozi, na shida inazidi. Maji ya uvuguvugu, povu la kutosha, wembe wa makali mamoja, kunyoa kufuata nywele zinakoelekea, bila kurudia rudia mahali pamoja: hiyo inasaidia wengi. Na brashi inafanya kazi yake hapo, inaingiza maji kwa unywele mpaka unalainika. Kwa hivyo msinisikie vibaya. Brashi ni chombo kizuri. Lakini msee, uso ni mmoja. Brashi moja inatosha kutibu huo uso. Hizo tisa zinatibu nini?

Wengine watasema mimi niliacha chuo, sina digrii ya afya, nyamaza. Sawa, digrii sina. Lakini kuhesabu vichwa kwa kiti cha kinyozi hakuhitaji digrii, kunahitaji ukae kwa benchi nusu saa na uweke simu chini.

Kama bado unataka mkusanyiko, na najua mnataka, mimi nitakupa wa kwangu. Ni wa brashi tatu.

Ya kwanza, brashi ya povu ya nailoni ya kutumia nyumbani. Ioshe kwa sabuni ukimaliza, ikung'ute, itundike nywele zikiangalia chini. Haiazimwi. Si kwa kaka, si kwa mtu mnaishi naye chumba kimoja. Kama huazimi mswaki, hii pia huazimi.

Ya pili, brashi yako ya kufagia, unaiweka kwa mfuko mdogo na unaenda nayo kwa kinyozi. Utaona haya mara ya kwanza. Kuna mtu atasema unajifanya. Mwambie tu kwa upole, "boss, nifagie na hii." Kinyozi hatakasirika, umempunguzia kazi. Na yule anayengoja nyuma yako ameona. Hivyo ndivyo mambo husambaa hapa mjini, kwa kuonekana.

Ya tatu ni ile unamwachia kinyozi. Wewe na wenzako watano mnaonyolewa hapo, changeni, mnunulie duka brashi tano au sita za nailoni na ndoo mbili ndogo zenye vifuniko. Ndoo moja ya safi, moja ya zilizotumika. Ikishagusa mtu inaingia kwa zilizotumika. Zikiisha zinaoshwa kwa sabuni, zinalowekwa kwa maji yenye Jik kwa kipimo kilichoandikwa kwa chupa, zinasuuzwa, zinaanikwa. Hakuna teknolojia hapo. Mama wa hoteli anafanya hivyo na vikombe kila siku na hatumwiti mtaalamu.

Na kama roho yako inataka uzuri, uzuri tuko nao. Tabaka kule Kisii wanachonga mawe ya sabuni tangu zamani, wakuchongee bakuli zito la povu ambalo halitelezi kwa mkono. Mafundi wa fanicha hapa mjini wanazungusha miguu ya vitanda na meza kwa mashine, mpini wa brashi kwao ni kazi ya dakika chache. Pembe za ng'ombe zinatupwa. Knoti ya nailoni unaweza kuagiza peke yake na kuigundisha kwa gundi ngumu. Ukinionyesha brashi yenye mpini uliochongwa Kibuye na bakuli la Tabaka, nitakupigia makofi mimi wa kwanza, kwa sababu hapo pesa imezunguka kwetu na kuna fundi amejifunza kitu kipya anachoweza kuuza. Lakini hata hiyo, unyoe nayo.

Kwa wenzangu wa kontenti, nasema hivi. Tumefungua vifurushi vya kutosha mbele ya kamera. Kila mtu ameona kisanduku kikifunguliwa na karatasi ikichanwa pole pole. Mwezi ujao, wiki moja kabla shule zifunguliwe, nendeni kwa kinyozi wa mtaa wenu na brashi tano mpya na ndoo mbili. Piga video kama lazima, ila usionyeshe sura za watoto na usimwaibishe kinyozi. Mwonyeshe akiosha, kwa sababu akionekana akiosha atapata wateja, na wa ng'ambo ya barabara ataosha pia asibaki nyuma.

Mimi nitakuwa Manyatta hiyo wiki na zangu tano. Anayetaka kuongeza aniandikie. Na wewe mwenye kumi kwa kabati, hatukuombi za baja, zitaharibikia kwa Jik. Lete 200.